Honi Mbili: Msogeza Malori wa Busia na Datsun ya Baba Yake

Kling.

Kijiko kimegusa kikombe cha bati gizani. Resty Ariokot anaganda, kijiko kimesimama ndani ya chai, masikio yake yote yako kitandani. Hakuna aliyeamka. Anaanza kukoroga tena, taratibu, kama anayekoroga dawa ya mtoto.

Ni saa kumi alfajiri, siku ya Ijumaa, mtaa wa Sofia, Busia upande wa Uganda. Binti yake wa pekee, Daphine, mwenye umri wa miaka mitano, amelala chali, mguu mmoja umetoka nje ya blanketi. Resty anamaliza chai akiwa amesimama. Anamviringisha mtoto ndani ya blanketi lile lile na kumbeba hadi mlango wa pili, kwa jirani yake Mildred, ambaye mafuta yake ya mandazi yamekwisha kupata moto.

"Mwili wake kama una joto," Resty anasema.

Mildred anaweka kiganja kwenye paji la uso la mtoto. "Joto la blanketi hilo. Kila siku unaniambia hivyo hivyo. Mlete hapa, wewe nenda."

Simu inalia kabla hajafika barabarani.

"Mama Daphine, uko wapi? Foleni imeamka, na mimi ndio nalala."

"Nakuja, nakuja. Usilalie usukani tu."

Aliyepiga ni Osborn Bwire, dereva wa lori la kontena kutoka Mombasa. Lori lake limekwama upande wa Kenya, katikati ya foleni inayongoja kuvuka mpaka. Resty anapofungua mlango wa kabini, Osborn anamwachia kiti kikiwa bado na joto, anajitupa kwenye kitanda kilicho nyuma, na anaanza kukoroma kabla hajavua viatu.

Sasa lori liko mikononi mwa Resty.

Kazi yake haina jina katika ofisi yoyote. Hapa kwenye foleni wanamwita msogezaji. Dereva aliyechoka humwita, hulala, naye hushika usukani na kulisogeza lori kila foleni inaposonga. Urefu wa lori moja, anasimama. Nusu yake, anasimama. Asipokuwepo mtu wa kusogeza, nafasi hubaki wazi mbele, na katika Busia nafasi wazi haikai. Lori jingine hujipenyeza, na mwenye kulala huamka akakuta amerudishwa nyuma nusu siku.

"Watu wanadhani kuendesha ni kwenda," Resty anasema, macho yakiwa kwenye taa nyekundu za tela lililo mbele. "Mimi nalipwa kwa kusimama vizuri."

Hulipwa kati ya shilingi mia tatu na mia tano za Kenya kwa lori moja. Ana leseni ya magari makubwa na angeweza kuendesha hadi Mombasa na kurudi, kama alivyofanya baba yake. Lakini baba yake Daphine alikwenda Juba kutafuta kazi na hakurudi, na safari moja ya Mombasa ingemla wiki nzima. Hapa, saa mbili asubuhi huwa amerudi nyumbani kumnywesha mtoto uji.

Tela la mbele linatikisika. Resty anapiga honi mbili fupi. Anatazama kioo cha kushoto. Anatazama kioo cha kulia. Mwanamume mmoja anatambaa kutoka chini ya tela la Osborn akiburuta boksi alilokuwa amelalia.

"Nimesikia, mama, nimesikia!"

"Ukisikia, toka na miguu yote!"

Ndipo anapoachia breki.

Honi mbili ndiyo sheria ya foleni. Chini ya matela hulala utingo, wabebaji mizigo, na yeyote aliyekosa pa kulala. Mwaka wa kwanza wa kazi hii, Resty alimwona kijana akitolewa chini ya lori la mtu mwingine. Kijana alipona, mguu haukupona. Tangu siku hiyo Resty hajawahi kulisogeza gari bila kupiga honi, wala kupiga honi kabla gari la mbele halijasogea. Hilo la pili nalo ni sheria. Kumpigia honi mtu ambaye bado hajasonga ni kumwambia amelala, na watu wamewahi kushuka na spana za magurudumu kwa sababu ya honi ya namna hiyo.

"Honi ya mapema ni tusi," anasema. "Ya kuchelewa inaua. Katikati hapo ndipo pangu."

Wiki hii, hata hivyo, katikati hapo hapamtoshi. Jumapili atakuwa kwao Mukuju, wilayani Tororo, katika mashindano ya magari ya autokrosi, akishindana na mdogo wake Griffins. Watatumia gari moja, Datsun ya baba yao, wakipokezana usukani. Atakayepata muda bora ndiye atakayekuwa mwenye gari.

Datsun yenyewe ni 260Z ya mwaka 1975, milango miwili, boneti ndefu kama mdomo wa korongo, rangi ya chungwa iliyopaushwa na jua. Nyuma ina viti viwili ambavyo hata mbuzi angevilalamikia. Mzee Rasto Okia, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, aliipata kutoka kwa tajiri mwenye lori alilokuwa akiendesha. Tajiri alipofunga biashara na kuhama, alimwachia.

"Nilikuwa nikiingia nayo Mukuju, watoto wanakimbia, kuku wanakimbia, hata mwalimu mkuu alikuwa anakimbia," Mzee Rasto anasema na kucheka hadi anakohoa.

Baadaye gari lilikaa miaka mingi chini ya turubai, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Aliyelifufua, hapo hapo nyumbani, ni Kevo, fundi kijana wa Busia upande wa Kenya, na Mzee Rasto akashindana nalo misimu kadhaa, katika daraja la magari ya zamani. Kisha goti lake la kushoto likakataa klachi.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwa desturi ya boma hilo, kitu cha baba humfuata mwana wa kiume. Sam, mdogo wake Mzee Rasto, alilisema mbele ya familia nzima: "Msichana akipewa gari, kesho gari imeolewa."

"Na mvulana akipewa, keshokutwa imeuzwa," Mzee Rasto akamjibu.

Hakukosea sana. Griffins ni fundi wa simu Kampala, na kuna rafiki yake mwenye biashara ya kukodisha magari ya harusi ambaye ameitamani Datsun tangu aione kwenye picha. Griffins hafichi.

"Hii gari ni ya maonyesho, dada," alimwambia Resty. "Wewe unataka kuipaka tope. Mimi nataka kuivalisha maua."

"Wewe uliitapikia ukiwa na miaka minne. Maua gani?"

Mzee Rasto akakata shauri. Msimu huu wote wawili wataingia mashindano matatu. Mawili ya kwanza ni ya kujifunza, la tatu ndilo litakaloamua. "Sitaki mgawane nikiwa chini ya udongo," alisema, "mmoja achukue usukani, mwingine achukue magurudumu. Nataka nimpe mtu nikiwa naona anavyoiendesha."

Kwa Resty, si suala la mashindano tu. Anajaribu kulieleza akiwa kwenye kabini ya Osborn, sauti ameishusha kwa ajili ya aliyelala nyuma.

"Hapa kila gari ni la mtu. Usukani wa mtu, kiti cha mtu, hata hii harufu ni ya mtu. Nikizoea tu, mwenyewe anaamka, ananiambia asante mama, shuka. Mimi nataka gari moja tu ambayo hakuna mtu ataamka nyuma yangu aniambie shuka."

Autokrosi ni mchezo wa wapenzi wa magari, watu wenye kazi zao za kila siku, wanaokutana kwenye uwanja wa udongo na nyasi. Koni za plastiki hupangwa kuonyesha kona. Gari huingia moja moja, likishindana na saa. Ukigonga koni unaongezewa sekunde. Mwishoni kuna boksi lililochorwa kwa chokaa, na gari lazima lisimame kabisa ndani yake. Likilipita, adhabu ni kubwa kuliko ya koni.

Shindano la kwanza lilikuwa Nagongera, na ndilo lililompa Resty jina.

Bendera ilishuka. Magari mengine yote siku hiyo yaliruka hapo hapo, udongo ukitapika nyuma. Datsun ilibaki imesimama. Ikapiga honi mbili fupi, za adabu. Dereva wake akatazama kioo cha kushoto. Akatazama cha kulia. Ndipo ikaondoka.

Watu waliokuwa wametoka sokoni kuja kutazama walianguka kwa kicheko. Waendesha bodaboda waliokuwa kando wakamjibu kwa honi zao, mbili mbili, uwanja mzima. Kevo alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Siz, unapigia nani honi? Hakuna mtu amelala chini ya hii gari!"

"Mimi najua," Resty alijibu. "Mguu ndio haujui."

Sekunde alizopoteza pale mstarini hakuzipata tena. Griffins alimshinda kwa mbali, na watoto wa Nagongera wakamsindikiza gari likiondoka wakiimba, "Honi Mbili! Honi Mbili!"

Kwa shindano la pili, mjini Tororo, Kevo alikuwa na dawa. Alifungua boneti na kuchomoa waya wa honi.

"Sasa bonyeza mpaka uchoke," alisema. "Noma imeisha."

Noma ilikuwa haijaanza. Bendera iliposhuka, Resty alibonyeza kama kawaida yake, na hakukutoka sauti. Mguu wake wa kushoto ukakataa kuinuka kwenye klachi. Gari lilikaa pale likinguruma hadi Amondi, mwanamke mrefu mwenye kushika bendera, alipoinama kutazama kama dereva anaumwa.

"Nilikuwa najiambia nenda, hakuna mtu," Resty anasimulia. "Macho yanaona hakuna mtu. Lakini hakuna aliyeambiwa. Mwili ukasema, hapana, hujaambia watu."

Alirudi Busia na Kevo. Njiani fundi alijaribu mara moja tu.

"Kwani ukipiga honi bendera ikiwa bado juu, nini mbaya? Unapiga, unaangalia vioo vyako, ikishuka unaenda. Saa inahesabu kutoka bendera ikishuka."

Resty alimgeukia kama mtu aliyeambiwa aibe. "Nimpigie mtu honi kabla hajaniruhusu? Huyo dada amesimama pale na bendera yake, hajanikosea chochote, mimi nimwambie amelala?"

"Siz, si foleni hii!"

"Kwako si foleni."

Kevo anasema aliachia hapo, kwa sababu aliona anazungumza na mguu.

Jumapili yenyewe inapambazuka na mawingu mepesi juu ya Mwamba wa Tororo. Mukuju watu wamejaa kabla ya saa tatu, wengine wametoka kanisani na mashati meupe, wengine wameamua Mungu atawaona hapo hapo uwanjani. Mzee Rasto ameketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kamba, fimbo kati ya magoti, Daphine amesimama mbele yake akiwa ameziba masikio ingawa hakuna gari lililowashwa. Sam yuko karibu, amevaa koti.

"Yoga, Papa," Resty anamsalimia mzee kwa Kiteso.

"Yoga noi. Umekula?"

"Nimekula."

"Umedanganya," mzee anasema, na kumpa nusu ya chapati iliyofungwa kwenye gazeti.

Resty haendi kwenye gari. Chapati mkononi, anavuka uwanja hadi alipo Amondi, ambaye anakunjua bendera yake. Wanaotazama kwa mbali wanaona wanawake wawili wakisalimiana kwa muda mrefu, kama wanaoulizana habari za nyumbani.

Amondi ndiye aliyesimulia baadaye yaliyosemwa. "Alikuja na heshima zote. Akaniambia, dada, nimekuja kuomba samahani mapema. Leo nitakupigia honi ukiwa bado umeinua bendera. Si dharau, na si kwamba nakuona umelala. Ni mguu wangu una masharti yake. Mimi nikamwambia, mama, piga hata tano. Akasema, hapana, mbili zinatosha. Nusu nicheke, lakini nilimwona macho yake, nikaacha."

Kila dereva ana mizunguko mitatu, na ule bora ndio unaohesabiwa. Kwa kuwa gari ni moja, kaka na dada wanapokezana, na kila mabadiliko ni kazi. Griffins ni mrefu, anasukuma kiti nyuma hadi mwisho. Resty anakivuta mbele hadi mwisho na kuchomeka mto wa sofa nyuma ya mgongo. Kevo, ambaye amekwisha kurudisha waya wa honi, anazunguka na dumu la maji akipoza rejeta.

"Ukimaliza usiniachie mto wako humu," Griffins anamwambia.

"Na wewe usiniachie mabaki ya viazi vyako vya karai kitini."

Griffins anatangulia. Anaendesha vizuri, hilo hakuna anayelibisha. Anaikata kona ya kwanza kwa mtindo, mkia wa gari ukiteleza kidogo, na vijana wa Mukuju wanapiga miluzi. Anasimama katikati ya boksi. Muda mzuri.

Zamu ya Resty. Amondi anainua bendera. Na bendera ikiwa bado juu, zinalia. Mbili, fupi.

Uwanja unalipuka. "Honi Mbili! Ndiye huyo!" Mtu anapiga debe. Resty anatazama kushoto. Anatazama kulia. Bendera inashuka, na kwa mara ya kwanza tangu aanze mchezo huu, Datsun inaondoka pamoja nayo.

Inaondoka kwa kasi ambayo yeye mwenyewe hakuitarajia. Kwenye kona ya pili anagonga koni, koni inaruka na kuanguka miguuni mwa Sam, ambaye anarudi nyuma na koti lake.

"Sikuwa nimezoea kufika pale mapema hivyo," Resty anaeleza akishuka, akipangusa jasho. "Nilipofika, nilidhani bado niko njiani."

Mzunguko wa pili anauendesha kwa woga, mbali na koni, na muda wake ni safi lakini mzito. Wa pili wa Griffins ni bora kuliko wa kwanza. Katika wa tatu, akijua yuko mbele, Griffins anajaribu kujiongezea sifa. Anaingia boksini mbio mno, breki zinalia, na pua ya gari inatoka upande wa pili. Adhabu. Lakini mzunguko wake wa pili unabaki pale, na ndio wa kupigwa.

Resty ana nafasi moja.

Kabla hajaingia, Daphine anapenya chini ya kamba na kumkimbilia. Anashika suruali ya mama yake kwa ngumi, jinsi anavyoishika Busia asubuhi za Jumatatu akiamka kabla mama hajaondoka. Resty anachuchumaa, anamfunga upya kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka, anamkabidhi kwa Kevo, na anaingia garini.

Honi mbili. Kushoto. Kulia. Bendera.

Kona ya kwanza anaipita bila mtindo wowote. Hakuna kuteleza, hakuna vumbi la kujionyesha. Ya pili anaipita karibu sana na koni, karibu kiasi kwamba koni inatikisika kwa upepo na kubaki imesimama. Ni kwenye mstari wa mwisho, ule unaoelekea boksini, ndipo watu wanapoanza kuinuka. Pale Griffins alipokuwa akikanyaga breki, Resty hakanyagi. Anapita. Anaendelea kupita. Waliosimama nyuma ya boksi wanaanza kurudi nyuma, mama mmoja anamnyakua mtoto wake mkono. Mzee Rasto amesimama bila fimbo.

Kisha breki. Vumbi jekundu linafunika kila kitu, boksi, gari, chokaa.

Linapotua, pua ya Datsun iko ndani ya boksi. Kati yake na chokaa ya mbele hapatoshi kiganja cha mtu mzima.

"Mahali pengine pote nilikuwa naogopa," Resty anasema. "Pale nilikuwa kazini. Kila asubuhi nina tela la mtu mbele yangu, karibu hivyo, na kontena la mtu nyuma. Najua gari inaishia wapi."

Wenye saa wanainamisha vichwa pamoja. Wanachukua muda mrefu hadi Sam anaanza kusema hajui wanasubiri nini. Amondi anapotangaza, tofauti kati ya kaka na dada ni chini ya sekunde moja.

Resty ameshinda.

Hakimbii wala hapigi kelele. Anabaki kwenye kiti, mikono kwenye usukani, kama anayengoja mtu aamke. Mzee Rasto anakwenda hadi dirishani, akichechemea, anaegemea paa la gari na kumtazama. Halafu anamgeukia mdogo wake.

"Sam, umeona? Gari imeolewa. Na imeolewa hapa hapa nyumbani."

Hata Sam anacheka, ingawa anachelewa.

Griffins anazunguka Datsun mara moja, mikono mfukoni. Anapiga teke dogo kwenye gurudumu, la mtu asiyetaka kuumiza. "Ungeniambia unaweza kusimama hivyo," anamwambia dada yake, "nisingekubali haya mashindano."

"Ungeniuliza."

"Nikamwambie nini mtu wa harusi?"

"Mwambie bwana harusi apande bodaboda."

Griffins anashindwa kujizuia. Anacheka, anapangusa vumbi usoni kwa kola ya shati, na kufungua mlango wa abiria. "Basi unanipeleka Busia nikapande basi la Kampala. Mimi sina gari."

Resty hana mipango ya kuacha foleni. Kesho alfajiri Osborn atakuwa amevuka, lakini kutakuwa na dereva mwingine mwenye macho mekundu, na Daphine anahitaji uji kila siku, si Jumapili tu. Anachopanga ni kuipeleka Datsun Kisumu kabla ya mwaka kuisha, kwenye autokrosi ya huko. Yeye huvuka mpaka kwa miguu kila siku ya kazi. Gari lake halijawahi kuvuka hata mara moja.

"Na huyu akikua," anasema, akimwelekezea kidevu Daphine, "akiweza kulala kwa babu yake siku kadhaa bila kulia, nitachukua lori langu kamili, mpaka Mombasa. Kuna wanawake wengine wawili pale foleni wananiuliza niwafundishe kusogeza. Nimewaambia waje. Ya kwanza nitawafundisha ni kusimama. Kwenda watajifunza wenyewe."

Jua linashuka wakati Datsun inapoondoka Mukuju kuelekea Busia. Mzee Rasto amebaki nyumbani, goti limechoka kwa furaha. Resty yuko kwenye usukani, mto wa sofa nyuma ya mgongo. Griffins amekaa kando yake, magoti yakigusa dashibodi kwa sababu Kevo, anayelala nyuma huku mdomo wazi, amekataa kabisa kiti cha mbele kisogezwe nyuma. Daphine amekaa pembeni ya Kevo, wima, akitazama nje.

Kwenye kizuizi cha barabarani, askari wa trafiki anawasimamisha. Kwanza analizunguka gari, polepole, mikono nyuma. Anagusa boneti. Anampita Resty kwenye dirisha la dereva, anaenda upande wa pili na kuinama kwa Griffins.

"Mheshimiwa, hii mashine yako ni ya mwaka gani? Unaiuza?"

Resty anageuka kumtazama askari, lakini kuna aliyemtangulia kujibu, sauti nyembamba kutoka kiti cha nyuma, ya juu na bila haraka.

"Gari ni ya mama."